Ulaini wa mwani wetu si kasoro

Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwani hulimwa kwa vigingi na kamba. Maji ya bamvua yakitoka ndipo wakulima, wengi wao wanawake, wanapoingia shambani kufunga mbegu na kuvuna. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu hapo aina mbili ndizo zilizotawala: spinosum na cottonii. Cottonii hulipwa vizuri zaidi, lakini haivumilii maji yakipata joto. Huugua, hubadilika rangi kuwa nyeupe, hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo sehemu kubwa kabisa ya mwani unaovunwa Zanzibar leo ni spinosum, unaokaushwa, kufungwa katika viroba na kusafirishwa nje ukiwa mali ghafi. Sababu kubwa ya tofauti ya bei ni aina ya jeli inayopatikana viwandani. Cottonii hutoa jeli ngumu inayokatika kwa kisu, na spinosum hutoa jeli laini inayonesanesa. Soko limezoea kuuhesabu ugumu kuwa mali na ulaini kuwa upungufu, nasi tumeipokea hesabu hiyo bila kuihoji. Nasema inafaa ihojiwe, na ushahidi wa kuihoji uko kwenye povu.

Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya maji kwa kuta nyembamba, na tangu linapozaliwa huwa limeanza kufa. Maji hujikusanya yawe na uso mdogo kadiri yanavyoweza, ndiyo maana tone hujiviringa. Kutengeneza kiputo ni kuyalazimisha yafungue uso mpya, na gharama ya uso huo hulipwa kwa nguvu za mkono au za mashine. Tikisa chupa ya maji safi, viputo vitapasuka kabla hujaiweka mezani. Ukitia sabuni, molekuli zake hukimbilia kwenye uso wa maji, hupunguza mvutano wake, na povu hukaa. Lakini halikai sana, kwa kuwa lina maadui watatu na sabuni haina nguvu ya kuwazuia wote. Wa kwanza ni uzito, unaoyateremsha maji yaliyo kati ya viputo mpaka kuta zikakonda. Wa pili ni kupasuka kwa kuta hizo zilizokonda, viputo viwili vikawa kimoja. Wa tatu haonekani kirahisi: hewa hupenya ukutani kutoka kiputo kidogo kwenda kikubwa, kwa sababu shinikizo ndani ya kiputo kidogo ni kubwa zaidi, jambo ambalo Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alilieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Kidogo hukilisha kikubwa mpaka chenyewe kikaisha. Huyu wa tatu ndiye mkaidi kupita wenzake, kwani hata povu lililofunikwa vizuri, lisiloguswa wala kupigwa na upepo, yeye hulila kutoka ndani.

Mwaka 1903 Mwingereza Walter Ramsden alieleza kwamba vitu vigumu vinaweza kujikusanya kwenye uso wa viputo na matone na kuvilinda. Hesabu zilizofanywa baadaye zinaonyesha kwa nini. Molekuli ya sabuni huingia na kutoka kwenye uso wa maji kila mara, kama abiria katika kituo cha daladala. Chembe yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 tu, ndogo kiasi kwamba darubini ya maabara ya shule haiwezi kuionyesha, ikishakaa nusu majini na nusu hewani, kuing'oa hapo kunahitaji nishati mara elfu kadhaa ya ile inayopatikana kutokana na joto la kawaida la mazingira. Ikifika imefika. Na ukuta ambao walinzi wake hawaondoki ndio unaoweza kupambana na adui wa tatu, maana kiputo kinapotaka kusinyaa, chembe zilizokwisha kubanana zinakataa kubanwa zaidi.

Shida ya chembe ngumu ni kufika huko. Chembe ya silika iliyo safi hupenda maji, hivyo hubaki majini na kiputo hakiioni. Ukiipaka kitu kinachochukia maji kupita kiasi, inageuka mwiba wa kutoboa ukuta; viwanda hutumia silika ya namna hiyo kuua povu lisilotakiwa kwenye matangi yao. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi finyu sana ambamo chembe ngumu hufanya kazi ya ulinzi, na hata humo lazima mchanganyiko upigwe kwa nguvu nyingi ili chembe zisukumwe kwenye uso wa kiputo, kwani hazijipeleki. Zikishapangana, zinaacha mianya kati yao, kama machungwa yaliyopangwa kwenye meza ya muuzaji. Anayedhani kwamba kinachodumu lazima kiwe kigumu angepaswa kusimama hapa kidogo.

Chembe laini hutenda kwa namna nyingine kabisa. Ni wavu mdogo wa polima, yaani nyuzi ndefu za molekuli zilizofungwa fundo hapa na pale, uliovimba kwa maji kiasi kwamba sehemu kubwa ya chembe yenyewe ni maji. Inapoufikia uso wa kiputo haikai kama mpira. Inajitandaza. Kitovu chake hubaki kimetuna, na nyuzi za pembeni hulala ubapa juu ya maji; wanasayansi wanaoitazama kwa darubini zenye nguvu huifananisha na yai lililopasuliwa kwenye kikaango. Mayai mengi ya namna hiyo yakikaa jirani, kingo zao hupandana na kusukana, na mianya iliyoachwa na chembe ngumu hapa inazibwa na nyuzi. Kiputo huvaa ngozi inayonyumbuka: kikisukumwa, ngozi hunepa na kurudi. Jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha hoja nzima ni kwamba majaribio yaliyolinganisha chembe zenye mafundo mengi na zenye mafundo machache yameonyesha mara kwa mara kuwa zile laini zaidi, zenye mafundo machache, hujitandaza vizuri zaidi na kulinda vizuri zaidi. Ukizidisha mafundo, chembe hukakamaa, na kinga hupungua.

Chembe ya maabara iliyochunguzwa zaidi katika fani hii hutengenezwa kwa polima yenye jina refu ambayo watafiti huiita kwa kifupi PNIPAM. Robert Pelton na Philip Chibante walieleza jinsi ya kuitengeneza mwaka 1986. Sifa yake ni kwamba kwenye maji ya baridi huvimba, na joto likivuka nyuzi 32 hivi hujikunyata ghafla na kumwaga maji yake; nyuzi 32 ni joto la adhuhuri ya kawaida ya Februari pale Dar es Salaam. Povu lililolindwa na chembe hizo linaweza kukaa imara likiwa na ubaridi, kisha likavunjwa kwa kulipasha moto tu. Hili nalo halipatikani kirahisi kwa chembe ngumu. Mtengenezaji anataka povu lidumu wakati wa kazi na liondoke kazi ikiisha, na chembe laini inaweza kupewa masharti yote mawili.

Wala si lazima twende maabara kuona ulaini ukifanya kazi, kwani maziwa ya ng'ombe yamejaa chembe za aina hii. Asilimia 80 hivi ya protini ya maziwa hayo ni kaseini, iliyojikusanya katika vifurushi vya takriban nanomita 100 hadi 200, vyenye maji mengi ndani kama sifongo. Anayechapa maziwa ya moto kwa ajili ya kahawa anavisukuma vifurushi hivyo, pamoja na protini nyingine za maziwa, kwenye uso wa viputo, navyo hushikamana na kuacha povu zito linaloweza kubebwa kwa kijiko. Ute wa yai hufanya jambo la jirani: protini zake hufunguka zinapochapwa, hushikana, na kuwa utando. Ukizidisha kuchapa, utando hukakamaa, maji hutoka na povu huvunjika vipande. Kila mpishi wa keki anajua kwamba kuna kikomo, na kikomo hicho ni mahali ulaini unapokwisha.

Sasa turudi kwenye viroba vya spinosum. Mwani huo ukichemshwa hutoa karaginani, polima ya sukari inayotumika duniani kote katika aiskrimu, dawa ya meno, nyama za kusindika na maziwa ya kakao. Cottonii hutoa karaginani ya aina ya kapa, ambayo ikikutana na potasiamu hufanya jeli ngumu, yenye kuvunjika na kutoa maji pembeni. Spinosum hutoa aina ya iota, ambayo ikikutana na kalisiamu hufanya jeli laini, inayonyumbuka na kushika maji yake. Tena jeli ya iota ina tabia ambayo ya kapa haina: ukiivuruga na kuiacha itulie, hujiunga upya. Kwa anayetaka kukata vipande vya jeli vikae sawa kwenye sahani, tabia hizo ni udhaifu. Kwa anayetaka kulinda povu, zinasomeka kama maelezo ya kazi. Ukuta wa kiputo husukumwa, huvutwa, hukonda na kunenepa. Kinachofaa kuujaza ni kitu kinachoshika maji, kinachonepa bila kuvunjika na kinachojiunga tena kikivurugwa.

Mkemia makini atanisimamisha hapa, na pingamizi lake ni la haki. Atasema karaginani inapenda maji mno. Chembe zake hazitakimbilia uso wa kiputo kama zile za PNIPAM au za kaseini, kwa hiyo kuzitia katika kundi moja ni kuchanganya mambo. Ni kweli kwamba chembe za jeli ya mwani peke yake si wazalishaji wazuri wa povu. Lakini povu huhitaji kuzalishwa na pia kutunzwa, na kazi hizo mbili si lazima zifanywe na mtu mmoja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha kazi kuhusu povu linalotunzwa na chembe za jeli ya agari, ambayo nayo hutoka kwenye mwani mwekundu. Jeli hupozwa huku inakorogwa, ikatoka ikiwa chembe ndogondogo zinazomiminika badala ya donge moja. Chembe hizo hubaki katika vijia vyembamba vilivyo kati ya viputo, huviziba, na maji hushindwa kuteremka haraka. Wakati huohuo protini au kitu kingine cha jamii ya sabuni kinashika uso wenyewe. Adui wa kwanza anafungwa mikono, na wa pili anacheleweshwa kwa kuwa kuta hazikondi upesi.

Na mshirika wa kushika uso hatafutwi mbali. Karaginani na kaseini zinajuana tangu zamani katika viwanda vya maziwa: gramu 2 au 3 tu za karaginani katika kilo 10 za maziwa ya kakao zinatosha kuifanya kakao isitue chini, kwa sababu polima hiyo hushikana na vifurushi vya kaseini na kujenga wavu mwepesi ndani ya maziwa. Maziwa huleta chembe zinazopenda uso wa kiputo, mwani huleta jeli inayozuia maji kushuka. Aiskrimu, ambayo nusu ya ujazo wake mara nyingi ni hewa, imejengwa juu ya ushirika wa namna hii, ingawa mlaji hana habari kwamba anachokilipia kwa sehemu kubwa ni viputo vilivyotunzwa vizuri.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi: Indonesia na Ufilipino zina mashamba makubwa kuliko yetu na viwanda vya karaginani vya muda mrefu, sasa Zanzibar itawashinda kwa lipi? Haitawashinda kwa tani, wala isijaribu. Mipango ya usindikaji inayozungumzwa chini ya sera ya Uchumi wa Buluu ni ya lazima, lakini kiwanda kinachotoa unga wa karaginani uleule unaouzwa na kila mtu kitaingia katika soko ambalo bei yake imepangwa na wengine, tena kikiwa na spinosum, ile ambayo soko hilo linaidharau. Nafasi yetu iko katika kuuza kazi ambayo ulaini unaifanya. Mnunuzi wa unga huuliza bei ya kilo. Mnunuzi wa kitunza povu huuliza kama krimu yake itasimama siku tatu kwenye friji au kama shampuu isiyo na kemikali kali itaridhisha mkononi, na hapo anayelipwa ni mwenye maarifa. Wajasiriamali wanawake wa Unguja wamekwisha kuonyesha mwelekeo: kuanzia mwaka 2006, kupitia mpango ulioongozwa na mtafiti Dkt. Flower Msuya, vikundi vyao vilianza kutengeneza sabuni za mwani na bidhaa nyingine badala ya kuuza mwani mkavu peke yake. Lakini katika sabuni hizo povu linatoka kwenye mafuta yaliyogeuzwa sabuni, na mwani umekuwa kiungo cha ngozi na cha sifa. Bado haujapewa kazi yake katika povu lenyewe.

Wengine watauliza kuhusu mazingira, na wana haki ya kuuliza. Chembe za PNIPAM ni polima ya kutengenezwa, isiyooza kirahisi. Kuzimwaga kwa tani kwenye mifereji ni kuongeza tatizo la plastiki ndogondogo baharini, bahari ileile inayolimwa mwani. Mimi ningepinga kuingizwa kwake katika bidhaa za kuoshea hata kama povu lake lingekuwa bora kuliko yote. Lakini hoja hii inaongeza thamani ya mwani. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia plastiki ndogondogo zinazowekwa makusudi katika bidhaa, na kanuni hiyo imeziacha nje polima za asili zisizobadilishwa kikemikali pamoja na zile zinazooza kwa vipimo vilivyowekwa. Mlango umefunguliwa kwa jeli za namna hii. Upande wa povu la kuzimia moto nako mambo yanabadilika: kwa miongo mingi povu la kuzima moto wa mafuta lilitegemea kemikali za florini zisizooza, na Mkataba wa Stockholm umeziweka kadhaa kati ya hizo katika orodha zake, PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Sidai kwamba mwani wa Paje utazima moto wa ndege. Ninachosema ni kwamba dunia nzima inatafuta povu linalodumu bila kuacha sumu nyuma yake, na anayeujua ulaini vizuri ana la kusema katika utafutaji huo.

Lipo pia pingamizi ambalo halisemwi kwa sauti ila hukaa nyuma ya mengine yote: kwamba sayansi ya aina hii ni ya nchi zenye maabara za mabilioni. Historia ya uso wa maji inasema vingine. Agnes Pockels, Mjerumani aliyezuiwa kusoma chuo kikuu kwa kuwa alikuwa mwanamke, alifanya vipimo vyake nyumbani huku akiwa na majukumu ya jikoni, kwa karai la bati lililojazwa maji, kipande cha bati cha kusukumia uso na mizani ya kupimia nguvu ya kuinua kidude mfano wa kifungo. Mwaka 1891 barua yake kwa mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh ilichapishwa katika jarida la Nature, na kifaa kinachotumiwa leo kupima ngozi ya viputo ni mjukuu wa karai lile. Povu ni miongoni mwa mada chache za sayansi ya vitu ambazo saa, rula, kipimajoto na kamera ya simu vinatoa majibu yenye maana.

Kwa hiyo kazi inayopaswa kuanza inajulikana, na wa kuianza wapo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa Zanzibar tangu mwaka 1978, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wa kemia wanaohitaji mada za tafiti. Chukua spinosum na cottonii za msimu mmoja, toa karaginani ya kila aina, ipoze huku unaikoroga ili itoke chembe, changanya na maziwa kwa viwango vitatu au vinne, chapa kwa mchapo uleule kwa muda uleule, kisha mimina katika silinda za kioo zilizopangwa dirishani. Andika dakika ambayo nusu ya maji yatakuwa yameteremka chini ya povu. Piga picha viputo kila baada ya dakika tano na uhesabu vidogo vilivyobaki. Rudia kwenye joto la nyuzi 20 na kwenye joto la nyuzi 32, kwa sababu bidhaa ya kuuzwa Mombasa au Muscat haitaishi kwenye ubaridi wa Birmingham. Matokeo yatolewe kwa Kiswahili pia na yapelekwe kwenye vyama vya wakulima, pamoja na silinda zenyewe ikiwezekana, ili anayepanga bei ya spinosum akutane na muuzaji aliyeona kwa macho yake povu lipi lilisimama na lipi lilikwisha.